Silsila: Amit alirudi mwenyewe, au kaletwa na ndege?

#1 Mwana_Vuga

Asalaam alaykum wanabaraza.

Jana tulikaa nyumbani kuangalia picha ya Kihindi: mie, mke wangu, mama mkwe na shemeji yangu aliyeko chuo. Mama mkwe ndiye aliyechagua, Silsila, ile ya Amitabh, Rekha na Jaya, ya 1983. Karibu saa tatu nzima. Ilipokwisha, mama mkwe akajifuta macho kwa pembe ya kanga, akasema "Alhamdulillahi, mume karudi kwake." Shemeji akadakia, "Karudi wapi mama? Kaletwa na ndege." Mke wangu hakusema lolote. Aliinuka akenda kuosha vikombe, na vikombe vilishaoshwa.

Kwa asiyeijua: Amit (Amitabh) na Chandni (Rekha) wanapendana. Kaka yake Amit, Shekhar, rubani wa jeshi, anauliwa vitani na kumwacha mchumba wake Shobha (Jaya) na mimba. Amit anamuoa Shobha kumsitiri. Chandni anaolewa na daktari, Anand. Shobha anapata ajali ya gari, mimba inatoka, na daktari anayemtibu ni nani? Anand. Hapo Amit na Chandni wanaonana tena, mambo yanaanza upya kwa siri, halafu si siri tena, mpaka wanatoroka. Mara ndege aliyopanda Anand inaanguka, Amit anaingia motoni kumtoa, Shobha ana mimba nyengine, safari hii ya Amit, na kila mtu anarudi kwake. Kwisha.

Nauliza: huyu bwana alirudi kwa moyo wake, au alikosa pa kwenda? Nyumbani kwangu bado hapajatulia.

#2 Karafuu_Mbichi

Ni 1981, si 1983. Ilitoka Agosti 1981, mwongozaji Yash Chopra. Hilo la kwanza.

La pili, hivyo vikombe usivichukulie mchezo.

#3 BintiMalindi

Shemeji yako ana akili, mpe salamu zangu.

Hebu tazameni. Mara ya kwanza Amit anamuoa Shobha kwa sababu gani? Mimba. Mara ya pili anarudi kwa Shobha kwa sababu gani? Mimba. Mwanamke mmoja, mimba mbili, na zote mbili ndizo zilizoamua, si yeye. Hakuna pahala katika picha nzima Amit anamtazama Shobha akasema namtaka huyu kwa sababu ni huyu. Halafu tunaambiwa mapenzi ya ndoa yameshinda. Yameshinda nini? Shobha kapewa baba wa mtoto. Mume bado hajapewa.

#4 Mzee_wa_Miembeni

Nyinyi watoto mnaangalia picha huku mkichezea simu ndo maana hamuoni.

Mie nataka mrudi pale penye moto. Nani yumo ndani? Anand, mume wa Chandni. Amit keshatoroka na Chandni, wako mbali na kwao, kikwazo kilichobaki ni mtu mmoja tu, na mtu huyo yumo ndani ya ndege inayowaka. Angesimama pale mikono nyuma kama walivyosimama wengine, nani angemlaumu? Angengoja eda ya miezi minne na siku kumi (kwa hesabu zetu), akaoa. Njia nyeupe!

Kaingia. Kwa hivyo pale pale mlangoni mwa ndege ndipo alipomwacha Chandni. Hayo mambo ya mimba ni nyongeza. Uamuzi kaupitisha motoni.

#5 BintiMalindi

Mzee wangu shikamoo. Lakini Shobha alimwambia habari ya mimba *kabla* hajaingia motoni. Anaingia ilhali anajua. Rudia kuangalia.

#6 Mzee_wa_Miembeni

Marahaba. Kabla?

#7 BintiMalindi

Kabla. Anamzuia asende, ndipo anapomwambia.

#8 Karafuu_Mbichi

Hapa naona Mzee kenda kutafuta miwani.

#9 KondeBoy

Ngojeni kwanza. KARUDI?

Wallahi mie tangu mdogo najua picha hii inaishia Amit na Chandni wanaondoka zao. Sifanyi mzaha. Nyumbani kwetu Konde kulikuwa na kanda moja, ami yangu alikuja nayo kutoka Dubai, ikachezwa kwenye deki mpaka ikawa inatoa mistari. Tulikuwa tunaiangalia kila sikukuu. Sasa mama mdogo alipoolewa pakakosekana kanda tupu, mtu mmoja (nnamjua na simtaji, bado yuhai) akarikodi harusi juu ya mwisho wa Silsila. Kwa hivyo sisi picha yetu ilikuwa hivi: Chandni na Amit wanatoroka, sura zao zina huzuni, skrini inacheza cheza, halafu GHAFLA watu wanakula pilau, bibi yangu anapiga vigelegele, mama mdogo kakaa juu ya kitanda kajiinamia na hina mpaka kwenye viwiko.

Mie nilikuwa najua ndo walivyomaliza Wahindi. Wanatoroka, halafu harusi. Nikiwa na miaka saba nilimuuliza mama, "Chandni ndo huyu halati?" Nikapigwa kofi.

#10 Urojo_Mix

😂😂😂 Nimemwaga chai. Hapa kazini wananitazama.

#11 Karafuu_Mbichi

KondeBoy, huo ndo mwisho bora kuliko wa Yash Chopra. Pilau haina ubishi.

#12 SitaMchana

Mie nimeiona ya kutafsiriwa, hizi za madijei, nilinunua kwenye flashi Darajani. Na nnawaambia kwangu mie Amit alirudi kwa moyo wake khasa, maana pale mwisho alimwambia Shobha, "Nisamehe mke wangu, nilipotea njia, dunia ilinizuga, tangu leo mie ni wako na mtoto ni wetu." Nililia.

#13 Fundi_Redio

Dada, hayo maneno ni ya dijei.

#14 SitaMchana

Vipi ya dijei?

#15 Fundi_Redio

Kihindi changu ni cha picha, lakini miaka yote hii sijalisikia neno la samahani pale penye mabaki ya ndege. Anamshika, wanatazamana, muziki. Dijei kaona pana pengo kalijaza, na hakukosea, maana yeye anajua wateja wake. Mke wa Kizanzibari atamrudisha mume bila ya kusikia "nisamehe"? Labda. Lakini atalisema kila Ijumaa.

Na hapo ndipo mie nnapoona tatizo la mwisho huu. Si ndege, si mimba. Kurudi karudi, *kuomba radhi* hakuomba. Anamkumbatia kama mtu aliyechelewa boti.

#16 Mwana_Vuga

Fundi, umenipa dawa. Nakwenda kumuuliza mke wangu kama ndo hilo.

#17 Karafuu_Mbichi

Usende.

#18 Urojo_Mix

Swali la kijinga na mnisamehe. Kwa nini Amit asioe wote wawili? Ingekuwa hapa kwetu picha ingekwisha kwa saa moja.

#19 BintiMalindi

Chandni ni MKE WA MTU weye!!! Utamuoaje mke wa mtu?

#20 Urojo_Mix

Basi Anand amuache kwanza.

#21 BintiMalindi

Anand hataki kumuacha. Anajua kila kitu na hataki. Umeiona picha au umeisikia?

#22 Urojo_Mix

Nimeona nusu, umeme ulikatika.

#23 Wakili_Mchanga

Hebu niingie kidogo na sheria, maana inabadilisha unavyomwangalia kila mmoja.

Kwanza suala la wake wawili. Hata Chandni angekuwa hana mume, isingewezekana. India ina Sheria ya Ndoa za Wahindu ya 1955, inakataza mume kuwa na wake wawili, na imewabana Masingasinga pia. Kwa hivyo Urojo, hapo njia ilikuwa imefungwa.

Pili, na hili wengi hawalijui. Wakati picha ile inatoka, uzinzi India ulikuwa kosa la jinai, kifungu cha 497, kifungo mpaka miaka mitano. Lakini kilikuwa kifungu cha ajabu. Anayeshitakiwa ni mwanamme aliyelala na mke wa mtu bila ya ridhaa ya mumewe. Mwanamke hashitakiwi. Na mwenye haki ya kulalamika ni mume aliyeibiwa, si mke aliyeibiwa. Mahakama ya Juu ya India ilikifuta kifungu hicho Septemba 2018.

Sasa rudini kwenye picha. Anand angeweza kumfunga Amit. Alikuwa na sheria mkononi na hakuitumia. Shobha hakuwa na kitu. Hawezi kumshitaki Amit, hawezi kumshitaki Chandni. Mnaposema Shobha alisubiri kwa subira, jueni subira yake na subira ya Anand si moja. Mmoja alikuwa na silaha akaiweka chini, mwengine hakuwahi kupewa.

#24 Bi_Kirembwe

Mwanangu Wakili, ahsante, umesema vizuri, lakini wanawake tuna silaha ambazo hazimo kwenye vitabu vyenu.

Mie ni mtu mzima, nna wajukuu, na mjukuu ndiye anayenisaidia kuandika humu. Nitasema yangu kwa ufupi. Mume wangu alikwenda Muscat, nikabaki na watoto watatu. Barua zikawa nyingi, halafu zikawa chache, halafu zikawa pesa bila ya barua. Nikajua. Mwanamke anajua, hata bahari iwe baina yenu. Mwaka wa tano akarudi na sanduku kubwa. Ndege haikuanguka. Hakuna moto. Alikuwa anaumwa sukari na huyo mwengine hakutaka kumuuguza.

Watu wakanambia, "Bi fulani, umeshinda." Nilimpikia, nikampeleka spitali kila mwezi, nikamzika miaka kumi na moja baadae, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwema ndani ya nyumba. Sasa mie nikiiona ile picha, pale Jaya anapomshika mumewe, wenzangu wote hulia kwa furaha. Mie humtazama usoni Jaya. Uso ule haujafurahi. Uso ule unahesabu.

#25 SitaMchana

Bi mkubwa shikamoo. Sina la kusema.

#26 Bi_Kirembwe

Marahaba mwanangu. Sema tu, kuzungumza hakukatazwi.

#27 Mzee_wa_Miembeni

Bi Kirembwe nakuamkia. Maneno yako mazito.

Nimerudia kuangalia. BintiMalindi kasema kweli, anaambiwa kabla ya kuingia motoni. Nakiri. Lakini mnaona nyote kwamba hilo linaipa nguvu hoja yangu na haliiondoi? Mtu keshaambiwa kwamba atakuwa baba, ana sababu ya kubaki hai, na bado anaingia kumtoa mume wa hawara yake. Kama mimba ndiyo iliyomrudisha, angemshika mkono Shobha wakenda zao.

#28 Karafuu_Mbichi

Mzee kashindwa halafu kashinda. Hii ndo faida ya baraza ya Miembeni.

#29 Maalim_Ng'ambo

Asalaam alaykum. Naona mmeacha jina.

Silsila ni neno la Kiarabu, limeingia Kihindi na Kiurdu, na limeingia kwetu pia, silisila. Maana yake mnyororo. Mtu wa tarika ya Kisufi anaposema silsila anakusudia mnyororo wa masheikh, huyu kapokea kwa huyu mpaka mwanzo. Mwenye nasaba yake akikuonesha karatasi ya ukoo naye anakuonesha silsila. Kwa hivyo picha imejiita mnyororo, na nyinyi mnauliza kwa nini mtu hakutoka kwenye mnyororo.

Tazameni pete zilivyoshikana. Shekhar ni rubani, anakufa kwa ndege, kifo chake kinamfunga Amit kwa Shobha. Ajali ya gari inamtoa mtoto wa Shekhar, na ajali hiyo hiyo inamleta daktari Anand, na nyuma ya Anand yuko Chandni. Halafu ndege ya pili. Ndege ya kwanza ilimpa mke asiyemchagua, ya pili ikamrudisha kwake. Shemeji wa Mwana_Vuga amesema kwa kejeli "kaletwa na ndege", mie nasema ndivyo, na mwandishi alikusudia. Ile si ndege iliyodondoka tu kwa sababu mtungaji kakwama.

Na kwa anayejiuliza kimya kimya juu ya akidi, yaani kufunga ndoa, na mwanamke mwenye mimba ya nje, kwa madhehebu yetu ya Shafii akidi inasihi. Nasaba ya mtoto ni suala jengine. Lakini wale hawakuwa Waislamu kwa hivyo tusiwapelekee fatwa.

#30 Fundi_Redio

Maalim nakuheshimu sana, lakini mtungaji akikwama pia huleta ndege. Picha ngapi za zama zile ziliisha kwa ajali, moto, mafuriko au risasi inayompata yule asiyetakiwa? Mtu wa tatu lazima aondolewe au arudishwe kabla ya taa kuwaka. Ingeisha kwa Amit kuondoka na Chandni, kina mama wangevunja viti. Na hata hivyo, ilipotoka haikufanya biashara iliyotarajiwa. Watu walikuja kuipenda baadae, kwenye kanda na televisheni. Yaani hata na ndege yake, mwisho ule haukumridhisha mtu mara moja.

#31 Wakili_Mchanga

Maalim kagusa mimba, nami niongeze hapa kwetu. Shobha angekuwa Mzanzibari mambo yangekuwa mazito zaidi. Tulikuwa na sheria ya 1985, msichana asiyeolewa akipata mimba anafungwa. Ilikuja kubadilishwa 2005 pakawekwa kazi za jamii. Kwa hivyo Amit kumuoa mchumba wa marehemu kaka yake, hapa kwetu chini ya sheria ile, kungekuwa kumsitiri na aibu na kumsitiri na jela pia. Mnamhukumu kwa alichokifanya katikati ya picha, mnasahau alichokifanya mwanzo.

#32 BintiMalindi

Hatusahau. Lakini kumsitiri mtu si hati ya kumdhalilisha baadae. Yale aliyoyafanya siku ya Holi, ile sikukuu ya Wahindu ya kurushiana rangi, kalewa bangi, anamwimbia mke wa mtu mbele ya mumewe na mbele ya mke wake mwenyewe! Kwa sauti yake mwenyewe!

#33 KondeBoy

Hapo si Kishore Kumar aliyeimba?

#34 Fundi_Redio

Amitabh mwenyewe. Maneno ya wimbo ni ya baba yake mzazi, Harivansh Rai Bachchan, mshairi. Muziki ni Shiv-Hari, yaani Shivkumar Sharma wa santuri na Hariprasad Chaurasia wa filimbi.

#35 Karafuu_Mbichi

Santur, si santuri. Santuri ni sahani ya kupigia muziki 😂 Santur ni chombo cha nyuzi, kinapigwa kwa vijiti.

#36 Fundi_Redio

Simu imejiandikia. Ahsante.

#37 Mpita_Njia

Mie si mwandikaji, huwa nasoma tu.

Bi Kirembwe kasema upande wake. Na mie nilikuwa Amit. Niseme, maana hapa hakuna anayenijua. Nilikuwa naishi Unguja, mke na watoto wako Mtambile, nikakutana na mtu niliyesoma naye skuli, tuliyetaka kuoana zamani wazee wakakataa. Nikienda Pemba mara moja kwa miezi miwili, naaga nakwenda kazini. Dago la mvuvi, kambi yake ya msimu, lina mwisho wake, langu halikuwa na mwisho.

Nilirudi. Mnataka kujua kwa nini? Hakuna kitu. Siku moja niko bandarini Mkoani nangoja boti, mwanangu wa kati kaja kunisindikiza. Hakulia, hakusema usende. Aliniuliza, "Baba, kule unalala upande gani wa kitanda?" Sijui kwa nini aliuliza. Nikapanda boti, nikafika, nikalala, na kila nikigeuka namsikia. Baada ya miezi mitatu nikahama Unguja.

Sasa mtu akiniuliza ulirudi kwa moyo wako au kwa mtoto au kwa woga, sijui. Wallahi sijui. Kwa hivyo Amit naye msimbane sana. Pengine angeulizwa asingejua.

Mke wangu mpaka leo hajaniuliza. Hilo ndo linalonisumbua kuliko angeuliza.

#38 Bi_Kirembwe

Usingoje akuulize. Sema wewe kwanza.

#39 Mpita_Njia

Nimesikia, bi mkubwa.

#40 Urojo_Mix

Jamani na Chandni? Kila mtu anamlilia Shobha. Mie nilikuwa naangalia yale maua tu, pale Uswisi.

#41 Karafuu_Mbichi

Uholanzi. Keukenhof. Maua ya tulip. Uswisi walikuja kuizoea baadae.

#42 SitaMchana

Kumbe Urojo ana moyo! Nami niseme la Chandni. Yeye hakumuacha Amit. Amit ndiye aliyemuacha ili amuoe Shobha. Akaolewa na mtu mwema ambaye hakumchagua kwa mapenzi. Halafu yule yule aliyemuacha anakuja tena, anamvuta, anamtorosha, na mwisho anamwacha mara ya pili pale pale mbele ya moto. Mara mbili kaachwa na mtu mmoja kwa ajili ya mwanamke mmoja! Na tunaambiwa kagundua kwamba anampenda mumewe. Kagundua lini? Ndege ilipoanguka? Mtu ukisikia mumeo yumo kwenye ndege inayowaka utalia, hata kama jana mligombana. Kulia siyo kupenda. Ni ubinadamu.

#43 Mzee_wa_Miembeni

Hapo nakupinga. Kuna watu hawajui kama wanapenda mpaka kitu kitake kuwatoka. Si kwa picha tu.

#44 SitaMchana

Basi nawe Mzee una kisa, hebu kitoe.

#45 Mzee_wa_Miembeni

Sitoi.

#46 Kijana_Jangombe

Mbona hamsemi kwamba Rekha na Amitabh katika maisha yao ya kweli wal

#47 Msimamizi

Mchango #46 nimeupunguza. Umbea wa maisha ya waigizaji nje ya picha hatuuleti hapa, wana wake na waume na watoto. Jadilini picha.

#48 Karafuu_Mbichi

Msimamizi kamkata kijana kama kanda ya KondeBoy.

#49 Mzee_wa_Miembeni

Mnanikumbusha sinema. Majestic ya Vuga, ile iliyojengwa upya baada ya moto na kufunguliwa 1955. Empire pale Darajani. Cine Afrique ya Malindi, sasa ni maduka. Picha ya Kihindi ikija mjini hupati tiketi ila uwe na mtu dirishani. Na palikuwa na siku za wanawake peke yao, mabuibui mpaka barabarani. Sasa ndani mule mlikuwa mnafahamika mwisho wa picha kwa kelele. Wanawake wakipiga vigelegele, mume karudi. Wanaume wakipiga miluzi, steringi kampiga jambazi. Leo kila mtu anaangalia kwenye simu yake peke yake chumbani, ndo maana hamwafikiani. Hamjasikia mwenzenu analia wapi.

#50 BintiMalindi

Mzee, mama yangu alikuwa akenda siku hizo za wanawake. Anasema si kweli kwamba walikuwa wanalia pahala pamoja. Wenye wake wenza walikuwa wanacheka pale wengine wanapolia.

#51 Mzee_wa_Miembeni

Hilo sikuwa nalijua. Mie nilikuwa nje.

#52 Wakili_Mchanga

Swali langu la mwisho nami niende kulala. Kwa nini Shobha hakuondoka? Kwetu angekuwa na khului, arudishe mahari, aende zake kwa Kadhi, kwisha. Mbona hakuna hata mmoja humu aliyelipendekeza?

#53 Bi_Kirembwe

Kwa sababu wote mlikuwa mnamtazama Amit. Hata mimi.

#54 Mwana_Vuga

Nimerudi. Samahanini, nilikuwa najibiwa.

Nilimuuliza mke wangu kama lililomkera ni kwamba Amit hakuomba radhi. Akasema hapana. Nikamuuliza ni ile mimba? Hapana. Nikamsomea maneno ya Mzee juu ya moto. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Wewe ungeingia kwenye ule moto?" Nikamwambia ningeingia, tena mbio. Akaniuliza, "Kumtoa nani?"

Jamani, nilichelewa kujibu. Sekunde mbili tu. Tatu labda.

#55 Karafuu_Mbichi

Innalillahi.

#56 Urojo_Mix

Leo unalala upande gani wa kitanda?

#57 Mwana_Vuga

Barazani. Kuna upepo mzuri.

#58 KondeBoy

Nami nimerudi. Nimeitafuta, nimeiona yote, mpaka mwisho wa kweli, kwa mara ya kwanza maishani. Nimemuona Amit anatoka motoni, nimemuona Shobha, nimeona kila mtu karudi kwake.

Sijui nisemeje. Kila nikifika pale wanapotoroka mwili unangoja pilau. Halafu inakuja ndege. Nilikasirika kama mtu aliyechukuliwa chake. Wanangu wananitazama wanasema baba huyu vipi.

#59 SitaMchana

Na ile ndoa ya mama mdogo, iliyorikodiwa juu yake? Ipo?

#60 KondeBoy

Waliachana 2004. Wakarudiana 2006. Msiniulize kwa nini, hakuna ndege iliyoanguka Konde.